Sanaa ya Roma ya Kale: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Sanamu na michoro ya Roma ilikuwa mapambo ya matajiri tu.

Matajiri walipenda kujionyesha, hilo halina ubishi. Lakini katika ukumbi wa nyumba ya ukoo mkubwa kulikuwa na makabati yenye sura za nta za mababu walioshika vyeo. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 KK, anaeleza kazi ya sura hizo siku ya msiba. Watu waliofanana na mababu hao kwa kimo na mwendo walivaa sura zile pamoja na toga, vazi rasmi la Warumi, ya cheo cha kila mmoja, wakaketi mbele ya umma kwenye viti vya pembe za ndovu. Msemaji alipokwisha kumsifu marehemu, aligeukia mababu na kutaja matendo ya kila mmoja, akianza na wa kale zaidi. Kwa Polybius, kijana mwenye kiu ya sifa njema hakuweza kuona jambo zuri kuliko hilo. Hiyo ilikuwa shule.

Dhana: Picha ziliwekwa kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Dhana hii inaniudhi, maana inaifanya picha kuwa elimu ya daraja la pili. Katika Uwanja wa Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma, uliozinduliwa mwaka 2 KK, sanamu za watu mashuhuri wa Roma zilisimama na maandishi ya matendo yao. Huko Autun, katika Ufaransa ya leo, mwishoni mwa karne ya 3 BK, mwalimu Eumenius alitoa hotuba akiomba shule ijengwe upya. Alitaja ramani ya dunia kwenye baraza zake: vijana waone kwa macho yale yaliyo magumu kushika kwa kusikia tu. Nao walikuwa wanafunzi wa balagha, yaani sanaa ya kuhutubia, wasomaji hasa.

Dhana: Sanamu zilikuwa nyeupe.

Nyingi zilipakwa rangi. Ile ya Augustus iliyopatikana Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863 ilikuwa bado na mabaki ya rangi.

Dhana: Picha ilijieleza yenyewe.

Simama chini ya Nguzo ya kaizari Trajan huko Roma, ya mwaka 113 BK. Mkanda wake wa michongo, wenye urefu wa mita 200 hivi, unazunguka kwenda juu hadi jicho linashindwa kuufuata. Kinachobaki akilini ni yale yanayorudiwa: Trajan akitoa sadaka, Trajan akihutubia askari, askari wakijenga ngome.

Aliyetaka watu waelewe zaidi ya hapo alieleza mwenyewe. Lucius Hostilius Mancinus, aliyetangulia kuingia Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, katika mashambulizi ya Warumi, aliweka hadharani mchoro wa mji huo na jinsi ulivyoshambuliwa. Akasimama pembeni, akawafafanulia watazamaji kipengele kwa kipengele. Scipio Aemilianus, jemadari aliyeuteka mji mwaka 146 KK, alichukizwa. Wananchi, kinyume chake, walimchagua Mancinus kuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi, wa mwaka 145 KK.