Mto wa utotoni na kumbukumbu inayosingiziwa

Wengi wetu tukirudi kwenye mto tuliooga utotoni tunaukuta mdogo, au hatuukuti pale tulipouacha. Hapo hapo tunajilaumu: nilikuwa mtoto, nilitia chumvi. Kweli, maji yaliyokufika kifuani ukiwa na miaka 7 leo yanaishia mapajani. Ila dhana kwamba mto ulibaki vilevile na kumbukumbu ndiyo iliyodanganya si sahihi.

Mto hautulii. Penye kona, maji ya upande wa nje hukimbia kwa kasi na kuila kingo. Ya upande wa ndani hupunguza kasi na kuacha mchanga. Kona huzidi kupinda, mpaka siku moja mafuriko yanakata njia ya mkato. Mwaka 1876 mto Mississippi ulifanya hivyo mbele ya mji wa Vicksburg, Marekani. Bandari iliyoishi kwa mto ikaachwa kando ya mkondo mfu, hadi maji ya mto Yazoo yalipoelekezwa huko mwaka 1903. Hapo hatujataja mabwawa na wachimba mchanga.

Kwa hiyo mzee akikuonyesha shamba kavu na kusema "hapa tulivuka kwa mtumbwi," usimcheke. Huenda hata jina la mahali linamuunga mkono: pataitwa Kivukoni hata pasipo na tone. Chimba kidogo. Ukikuta kokoto laini, za mviringo, zimelaliana upande mmoja kama vigae, ujue ni maji yaliyozipanga hivyo.