Kikaangio cha hewa mbele ya viazi, makemba na sambaza

Wateja wanaoniletea vikaangio vya hewa hapa Kadutu, Bukavu, karibu wote wana lalamiko moja: «Fundi, hii mashine inaivisha lakini haikaangi.» Nikiifungua, mara nyingi koili, ule waya wa kutoa joto, ni nzima na feni inazunguka vizuri. Basi kabla ya kutafuta ugonjwa naijaribu kwa chakula, tena kile tunachokula kila siku.

Ndani hamna siri. Koili iko juu, na feni inasukuma hewa ya moto ipite kwenye kikapu chenye matundu, kisha irudi. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali; Philips waliitoa sokoni mwaka 2010, na wengine wakafuata. Hewa ya nyuzi 200 hupeleka joto kwenye chakula polepole kuliko mafuta ya nyuzi 180, na chakula hakigeuki rangi vizuri mpaka maji ya juu yakauke na ngozi yake ipite nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo adui mkubwa humo ni maji.

Viazi vinaonyesha hilo waziwazi. Vikate, viloweke nusu saa kutoa wanga, kisha vifute kwa kitambaa mpaka visiteleze tena mkononi. Kijiko kimoja cha mafuta kwa nusu kilo, nyuzi 180 kwanza, ukitikisa katikati, kisha 200 mwishoni. Ncha zinakuwa kavu na kulia menoni, katikati ni laini. Aliyezoea chipsi za barabarani atajua tofauti, lakini atamaliza sahani. Ukijaza kikapu mpaka juu, vitajipika kwa mvuke wao wenyewe.

Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, yaliyoiva mpaka ganda likapata madoa meusi ndiyo yanayopendeza kuliko vyote, kwa sababu sukari yake hubadilika rangi upesi. Mabichi yanatoka makavu, yachemshe kwanza.

Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakiwa wabichi, wakioshwa, wakachujwa vizuri na kupakwa unga uliochanganywa na mafuta kidogo, wanakauka hadi mifupa inatafunika. Wapange safu moja tu. Walioanikwa ni habari nyingine: ni wepesi, feni inawainua, na nimewahi kumkuta mmoja amenasa kwenye koili, ameungua hadi jiko zima linanuka. Waweke chini ya wavu wa chuma.

Mandazi ya uji mwepesi usijaribu, yanavuja matunduni kabla hayajashikana. Ya jana kuyapasha, sawa kabisa.

Sasa nije kwenye kile kinachowaleta wateja. Nguvu ya koili hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe: mashine ya wati 1500 kwa volti 220, ikipata 180, inabaki na wati 1000 tu. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, si ajabu kusoma 180 kwenye prizi. Hapo viazi vinakaa vinatoa maji bila kukauka, na mama wa nyumbani anaona amedanganywa dukani. Ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme, ikiwa nyembamba inaongeza upungufu, kwa sababu mashine hiyo ikipata umeme kamili inavuta karibu ampea 7. Chomeka ukutani moja kwa moja. Baada ya dakika kumi shika plagi: ikiwa ya moto, prizi imelegea, na hiyo ni kazi ya kufanywa kabla ya kupika tena.

Wenye umeme dhaifu nawashauri wapike mchana, wapunguze chakula kikapuni, na waiache mashine ipate moto ikiwa tupu kwanza. Mbabula, jiko la makaa, wasiuze. Maharage na sombe (majani ya muhogo) bado vinaihitaji, na umeme ukikatika, nayo mashine inabaki pambo la mezani.