Acha kutafuta kodi mpya

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa Mbagala anayepiga gitaa vizuri kabisa: "Mwalimu, nimekwama kutunga. Nifundishe kodi mpya." Nikamwambia anipigie kodi anazozijua, yaani zile sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja. Akapiga G, C, D, E maina, A maina, F ile ya kulaza kidole, B seveni, na nyingine kadhaa alizookota kwenye video. Kwa mtaji huo anaweza kupiga sehemu kubwa ya nyimbo za dansi zilizotungwa Dar es Salaam tangu wazazi wake hawajazaliwa. Lakini bado anaamini wimbo wake umejificha ndani ya kodi ambayo hajafundishwa.

Imani hii inanichosha kwa sababu wanaoishika ni wale wenye bidii. Mvivu hahangaiki na kodi. Mwenye bidii ndiye anayekesha akipindisha vidole kutafuta meja seveni na tisa, halafu asubuhi hana hata ubeti mmoja, anahitimisha kwamba hana kipaji. Nimeona wapigaji wazuri wakiliweka gitaa uvunguni kwa hesabu hiyo.

Tuangalie historia yetu wenyewe. Bendi ya dansi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, hao ndio Sikinde. Wanamuziki wamehamahama baina ya bendi hizi mbili, na marehemu Muhiddin Gurumo aliimba kote kuwili. Kodi za Msondo ndizo kodi za Sikinde: zile zinazojengwa juu ya sauti ya kwanza, ya nne na ya tano ya skeli (ngazi ya sauti), na maina moja moja ya kupitia. Sasa simama nje ya ukumbi, usimwone mtu, sikiliza gitaa tu. Shabiki wa kweli atakuambia ni bendi gani kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kama wimbo ungekuwa kodi, hawa watu wangekuwa wanabishania nini miaka yote hii?

Wanachokitambua ni namna magitaa yalivyogawana kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kila mtu anapapita mbio.

Chukua kodi moja tu, G. Mpiga ridhimu, gitaa la kushikilia mwendo, anaishika kule chini, karibu na kichwa cha gitaa, anaidondoa sauti moja moja bila kuikung'uta yote kwa mpigo. Mpiga sekondi solo, gitaa lililo kati ya ridhimu na solo, hana ruhusa ya kwenda hapo hapo. Yeye anachukua umbo la D, analipandisha freti (vile vipande vya shingo ya gitaa) tano, vidole vinatua freti ya saba na ya nane: waya wa tatu freti ya saba, wa pili ya nane, wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ya saba. Sauti zinazotoka ni D, G na B. Ni G ile ile, ila imehamia ghorofa ya juu. Mpiga solo naye anapanda zaidi, waya wa pili freti ya 12 na waya wa kwanza freti ya 10, anapata B na D zikitembea pamoja kama ndugu wawili. Watu watatu, kodi moja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Besi chini yao haigongi kila pigo. Inaingia, inanyamaza, inaingia tena, na ule ukimya wake ndio unaomfanya mtu anyanyuke kwenye kiti.

Hapo hatujabadilisha kodi hata mara moja, na tayari una kitu ambacho watu wanaweza kukicheza. Badilisha namna ridhimu inavyodondoa, utapata wimbo mwingine. Chelewesha sekondi solo nusu pigo, utapata wimbo wa tatu. Ukitaka kitu kipya, kichimbe huku.

Utaratibu huu una sababu zake. Bendi za wakati ule zilirekodi studio ya Radio Tanzania zikipiga zote kwa pamoja, chumba kimoja, bila anasa ya kurudi kesho kuongeza gitaa au kufuta la mwenzako. Ukipiga mahali pale pale anapopiga jirani yako, nyote wawili mnapotea kwenye mkanda. Kwa hiyo kila mtu alijifunza kutafuta nafasi yake iliyo wazi. Halafu miaka ya 1970 bendi kutoka Zaire zikahamia hapa, Maquis ikiwemo, na ushindani wa magitaa ukapamba moto. Kijana wa leo anayetengeneza wimbo peke yake kwenye kompyuta hana mtu wa kumkanyaga, hivyo hajifunzi kupisha.

Hii inanileta kwenye namna mnavyojifunza nyimbo za watu. Mnaingia intaneti, mnatafuta kodi za wimbo, mnapata karatasi yenye maneno na juu yake G, C, D, G. Mnakung'uta kutoka juu mpaka chini huku mkiimba, mnasema mmeujua wimbo. Hamjaujua. Mmejua anwani ya nyumba, ndani hamjaingia. Nasema hivi nikijua kuna watakaokasirika.

Namna ninayofundisha ni ya polepole na wanafunzi hawaipendi mwanzoni. Weka gitaa pembeni. Sikiliza wimbo mpaka uweze kuimba besi peke yake, kwa mdomo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha imba solo. Naam, solo, kwa mdomo, na mapumziko yake yote. Mtu asiyeweza kuiimba solo atakapoishika kwenye gitaa ataijaza sauti zisizokuwepo, kwa sababu vidole havipendi kukaa kimya. Ukishaimba, ndipo uchukue gitaa utafute ulichokuwa unaimba. Simu yako ina programu za kupunguza kasi bila kubadilisha sauti. Zitumie, si dhambi.

Jambo moja dogo linalowatesa watu bure: rekodi nyingi za zamani hazikai sawasawa na mashine ya kutuni. Mashine inataka sauti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Mkanda umezunguka haraka kidogo, au bendi yenyewe ilituni kwa kusikilizana ikatulia mahali pake. Mwanafunzi anapiga G, anaona inagombana na rekodi, anadhani sikio lake bovu. Sikio lako zima. Tuni gitaa lako lifuate rekodi, endelea.

Msikilize Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz aliyefariki mwaka 1979. Alikuwa akiimba na kupiga solo yeye mwenyewe, ndiyo maana namtumia darasani. Angalia sauti inapokoma na gitaa linapoanza. Gitaa haliji kujaza pengo tu, linajibu. Wakati mwingine linarudia sentensi aliyoimba, linaigeuza mkia, linakurudishia kama swali. Hili huwezi kulikuta kwenye karatasi ya kodi hata utafute mwaka mzima.

Sasa kutunga. Hapa ndipo kosa la kodi linapofanya madhara makubwa, kwa sababu mtu anaanza na mzunguko wa kodi nne, anaurudia, halafu anatafuta maneno ya kuyamimina juu yake. Maneno ya Kiswahili hayakubali kumiminwa hivyo. Yana uzito wake, na uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho.

Chukua mstari huu nilioutunga kwa ajili ya darasa: "Ulinikuta Kariakoo nimesimama." Utamke kama unamwambia mtu. U-li-ni-KU-ta. Ka-ri-a-KO-o. Ni-me-si-MA-ma. Mafungu matatu, kila fungu silabi tano, na nguvu iko kwenye ya nne. Anayeanza na kodi atafanya nini? Anasubiri pigo la kwanza, anaanza hapo hapo na "u". Matokeo yake mapigo yanaangukia u, ni, na ta, huku "ku", yenye uzito wa neno zima, ikidondoka katikati ya mapigo kama mtoto yatima. Mstari unasikika kama umeimbwa na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Halafu anasema kodi zake za kawaida mno!

Jaribu hivi. Anza kuimba kabla ya pigo. "U-li-ni" ziimbe mwishoni mwa kipimo (fungu la mapigo) kilichopita, "ku" itue pigo la kwanza pamoja na besi, "ta" ipumzike pigo la pili. Kisha nyamaza. Baada ya "ta" una upenyo mdogo kabla ya "Ka-ri-a" kuanza kupanda, na hapo ndipo gitaa linaposema neno lake. Umeona? Mstari wenyewe umekuonyesha mahali pa solo. Kodi bado hatujachagua.

Na ubeti wa pili uangaliwe kwa jicho kali. Watu wanatunga ubeti wa kwanza vizuri, wa pili wanaulazimisha uvae muziki ule ule kwa kuhesabu silabi tu. Ubeti wa kwanza unaishia na "sina nyumba", nguvu iko NYU. Wa pili unaishia na "nirudi nyumbani", nguvu imehama, iko MBA. Ukiongeza "ni" mwishoni mwa neno, uzito unasogea nayo. Kwa hiyo muziki lazima usogee kidogo, sauti moja iongezwe mbele, au mwimbaji aanze mapema. Waimbaji wakubwa wanalifanya bila hata kufikiri. Wewe unayeanza, fikiri.

Kuna mahali kanuni hii inanisumbua, na sitaki kuificha. Waimbaji wetu wanaivunja, tena mwisho wa mstari, mahali panaposikika zaidi. Wanavuta silabi ya mwisho kabisa, ile isiyo na uzito, inapita kodi mbili nzima, na inapendeza mno. Kwenye taarabu ndiyo usiseme. Dhana yangu ni kwamba msikilizaji akishalisikia neno likiwa zima, mwimbaji yuko huru kuucheza mkia anavyotaka, ila akilivunja katikati anampoteza mtu. Lakini nina nyimbo nizipendazo ambazo zinavunja katikati na bado hakuna anayelalamika. Huenda masikio yangu yamelelewa na redio kiasi kwamba naita kanuni kile kilicho mazoea tu. Ninaendelea kufundisha hivyo kwa sababu anayeanza akifuata uzito wa maneno anatoka na mstari unaoimbika, na anayepuuza mara nyingi hatoki na kitu.

Kuhusu skeli, jifunze meja moja vizuri katika kii (sauti ya nyumbani) ya G na ya C, zinatosha kuanzia. Kuhusu kapo, kile kibano cha shingoni mwa gitaa, itumie, hasa kama sauti ya mwimbaji wako haifiki. Nadharia ya muziki ni nzuri na mwenye nafasi aende akasome. Aliyekuambia inaharibu kipaji amekudanganya. Wanaopiga Bongo Fleva na kuitwa studio kuwekea gitaa juu ya biti ya prodyuza, haya yote yanawahusu pia: biti imeshashika chini, usirudie kodi zake, panda freti ya saba ukamjibu mwimbaji.

Kodi zije mwisho. Ukishakuwa na mstari unaoimbika, imba na besi peke yake, sauti moja kwa kipimo. Sikiliza ni wapi mstari unaomba kuondoka nyumbani na wapi unaomba kurudi. Mara nyingi utakuta unahitaji kodi tatu. Ikitokea mstari umefika mahali na kodi zako zote zinaugomea, hapo ndipo una haki ya kutafuta mpya, na utaikumbuka maisha yako yote kwa sababu umeihitaji.

Nimalizie na chemko, maana wengi mnaiacha. Wimbo wa dansi una nusu mbili: ya kwanza yenye habari, ya pili ya kasi, ya kuchezea. Karatasi ya kodi inaandika "rudia" tu, nanyi mnarudia kiitikio mara sita mpaka kinachosha. Ukifika hapo punguza maneno, yabaki manne au matano ambayo ukumbi mzima unaweza kuyaitikia. Baki kwenye kodi mbili. Muache sekondi solo aanze peke yake mzunguko mmoja au miwili, watu wausikie ule mdundo mpya kabla vyombo vingine havijaingia, ndipo ridhimu imfuate, besi ije ya mwisho. Solo asikimbilie juu. Aanzie chini na kifungu kifupi, akirudie vile vile mpaka wachezaji wakishike miguuni, kisha abadilishe sauti moja tu. Huyo kijana wa Mbagala nimempa kazi ya kunitungia chemko kwa G na D pekee, na marufuku kugusa kodi ya tatu mpaka nimruhusu.