Je, wajua kwa nini pomboo, mwenye bahari nzima, yuko hatarini kama lemuri mwenye kisiwa kimoja?

Shida ya lemuri inaeleweka haraka. Kwa asili anapatikana Madagaska tu, na msitu wake ukifyekwa ukachomwa ili watu walime mpunga, au miti ikiishia kwenye tanuri la mkaa, hana pa kukimbilia. Mwaka 2020 wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, walihesabu aina 107 za lemuri. 103 kati ya hizo zilikuwa hatarini kutoweka. Komba wetu wa Tanga, ndugu yake wa mbali, ana unafuu: hukaa hata kwenye minazi ya watu na kumnywea mgema tembo lake.

Lakini pomboo je? Bahari ya Hindi yote ile, anakosa nini?

Jibu liko kwenye kina. Pomboo wako wa aina nyingi na si wote walio hatarini. Mmoja wa walioorodheshwa hivyo mwaka 2017 ni yule mwenye nundu mgongoni kama ng'ombe wa kienyeji, na pezi dogo juu yake. Akiibuka kuvuta pumzi hutanguliza mdomo, kisha nundu ndiyo ifuate. Huyu hapendi maji makuu. Utampata kuanzia Afrika Kusini hadi India, ila kwenye ukanda mwembamba unaofuata pwani, kwa kawaida penye kina kisichozidi mita 25. Ramani inamdanganya mtu: urefu upo, upana ndio hakuna. Na humo humo ndimo zinamopita ngalawa za kijiji cha Kigombe na mashua zinazoshusha samaki Deep Sea, soko la samaki la Tanga.

Humo pia hutegwa jarife, wavu wa macho makubwa unaolala majini usiku kucha ukisubiri papa na samaki aitwaye taa. (Jarife la kina kirefu ndilo lililowanasa silikanti, samaki wa kale sana, wa Tanga, hata ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009.) Pomboo hana mashavu ya samaki; ana mapafu kama wewe, na pumzi yake ni ya dakika chache. Akinaswa chini asiweze kupanda, hufa maji, baharini kwao.

Kuziba pengo ndiko kugumu. Indri, lemuri mkubwa kuliko wote, huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Pomboo wa nundu hubeba mimba karibu mwaka mzima, naye huzaa mmoja, kisha hupumzika miaka kama mitatu. Jike mmoja akifia wavuni, kundi dogo la ghubani hulipa kwa miaka.