Breki ya gari la sloti inakaa wapi hasa?

Jumamosi moja jioni huko Buruburu stima ilipotea tukiwa katikati ya mbio za magari ya sloti, yale madogo ya umeme ya kuchezea yanayofuata mifuo ya njia. Njia tulikuwa tumeitandaza juu ya plaiwudi kwenye meza ya chakula, magari mawili ya kipimo cha 1/32 yanafukuzana kwenye mifuo yake, kila mtu na kontrola yake mkononi. Giza likaingia ghafla. Tulipomulika kwa tochi ya simu, gari la mwenyeji lilikuwa limesimama kabla ya kona, kwa adabu kabisa. Langu lilikuwa sakafuni, chini ya kochi.

Yeye alikuwa ameachilia triga. Mimi, kwa mshtuko, niliendelea kuibana. Kijana mmoja akauliza swali lililotuchukua usiku wote: breki zake zilishikaje na umeme haupo?

Dhana: gari husimama kwa sababu kontrola imekata umeme.

Kukata umeme peke yake hakusimamishi kitu, gari huserereka tu. Fikiria lori linaloteremka kuelekea Mai Mahiu. Dereva mzoefu huliacha kwenye gia ndogo ili injini ilizuie. Akitia nyutro, mteremko ndio unaoendesha.

Kontrola yenye waya mbili hukutia nyutro kila unapoachilia triga. Ile ya waya tatu hufanya jambo jingine: triga ikirudi mwisho, huunganisha reli mbili za njia yako, vile vyuma vinavyolipa gari umeme, moja kwa moja. Mota ya gari bado inazungushwa na magurudumu, kwa hiyo sasa imegeuka jenereta, na umeme inaouzalisha unarudi kwake uleule ukipinga mzunguko wake. Saplai ya ukutani haina kazi hapo. Ndiyo maana mwenyeji alipata breki gizani. Mimi niliyebana triga sikuziunganisha reli zangu, nikabaki nyutro hadi kochini.

Huhitaji kuniamini. Liinue gari, zungusha magurudumu ya nyuma kwa kidole, usikie yanavyokwenda. Kisha kunja kipande cha foili, ile ya kufungia chakula, kiguse brashi zote mbili zilizo chini ya pua ya gari, zile zinazogusa reli. Zungusha tena. Utahisi gurudumu limekuwa zito, kama linakorogwa ndani ya uji. Hiyo ndiyo breki, na imo ndani ya mota. Kontrola inafunga mlango tu.

Kwa sababu hiyohiyo breki hii ni kali gari likiwa na kasi, na hufifia kadiri linavyopunguza mwendo. Mota isiyozunguka haizalishi umeme, na pasipo umeme hakuna cha kupinga.

Dhana: kontrola ya bei ghali huongeza spidi.

Hapa watu wameacha pesa nyingi. Triga ikibanwa hadi mwisho, kontrola ya kawaida ya rizista, yaani kizuizi cha umeme, huruka rizista yote na kuupitisha umeme wa saplai kama ulivyo. Saplai ikitoa volti 12, gari halitapata 13 hata ukiishika kontrola ya bingwa. Baadhi ya kontrola za elektroniki hata hupoteza sehemu ya volti njiani. Unachonunua ni ulaini wa katikati, pale kidole kinapotafuta mwendo wa kona, na uwezo wa kurekebisha breki. Hivyo hupunguza muda wa mzunguko, naam, lakini kwenye sehemu iliyonyooka gari lako ni lilelile.

Dhana: kontrola yenye omu chache ndiyo ya wakali.

Omu, kipimo cha jinsi rizista ya kontrola inavyozuia umeme, hulinganishwa na mota, hazilinganishwi na ubishi wa dereva. Chukua volti 12 na mota yenye omu 3. Kontrola ya omu 45, triga ikiguswa tu, itapitisha robo ya ampea. Ya omu 15 itapitisha theluthi mbili ya ampea kwa mguso uleule. Mota ndogo ya seti ya nyumbani ikipewa hiyo ya pili huruka kama imechomwa sindano, na nusu ya triga inakuwa haina maana. Mota kali yenye kiu ya umeme, ukiipa omu 45, haitasogea hadi ufike katikati, halafu itaondoka yote kwa pamoja, huku kontrola ikipata joto mkononi mwako.

Dhana: breki kali zaidi ni bora zaidi.

Inategemea. Breki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari lisilo na sumaku ya kulivuta kwenye reli, ukilikaba katikati ya kona, mkia hutoka na ulimi wa mbele unaoliongoza huchomoka kwenye mfuo. Kontrola nzuri huwa na kitufe cha kuongeza omu kwenye waya wa breki ili ushikaji uwe wa taratibu. Binafsi hupunguza breki kwanza, ndipo nilaumu matairi.

Haya yote ni ya mfumo wa analogi. Kwenye dijitali reli huwa na umeme wakati wote, kwa hiyo haziwezi kuunganishwa. Kontrola hutuma ujumbe tu, na chipu iliyo ndani ya gari ndiyo inayofunga breki.

Dhana: breki zikilegea, kontrola imekufa.

Hili ni langu mwenyewe, na nililipia. Gari lilikuwa likikimbia vizuri ila halishiki kwenye kona. Nikasafisha brashi, nikapangusa vumbi kwenye reli, mwisho nikanunua kontrola mpya. Ningetumia akili kidogo ningejua. Kwenda na kusimama hutumia reli zilezile, brashi zilezile na mota ileile. Vumbi lingeharibu vyote viwili. Kama spidi ni nzima na breki pekee ndiyo mgonjwa, kilichobaki ni waya wa breki, ambao kwenye kontrola nyingi za Marekani ni ule mwekundu, au mguso wake ndani ya kontrola.

Nilipeleka ile ya zamani kwa fundi wa redio Luthuli. Aliufungua mpini, akauvuta waya mwekundu kwa kucha, ukatoka wenyewe. Akaupiga lehemu, akanirudishia kabla sijamaliza kuhesabu sarafu. Ile mpya sasa ni ya wageni, na wageni wote husema ina breki kali kupita kiasi.