Mchoro wa kufumua hautoshi kukerezea kipande

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia karakanani na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa katalogi ya pampu ya maji: shafti (ule mhimili unaozunguka), beringi, sili, impela, wosha, nati, vyote vimepangwa kwa mshazari kama nyama kwenye mshikaki, ila kijiti hakipo. Akasema, "Fundi, nikerezee hii shafti, namba 14. Mchoro si huu hapa, wa mlipuko?"

Makosa mawili kwenye pumzi moja, na yote nimeshayasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, mengine kutoka kwa watu wenye vyeti.

Maana ya mchoro huo haina ugumu. Ni mchoro unaoonyesha mashine ikiwa imefunguliwa, kila kipande kimevutwa kutoka mahali pake kwa njia ileile ambayo mkono wako ungepita ukikitoa, na vyote vimebaki kwenye foleni ya kurudi. Mara nyingi huchorwa kiisometriki, yaani mihimili miwili ya mlalo huinuliwa nyuzi 30 na wa tatu husimama wima. Mistari myembamba huunganisha kipande na kiti chake. Kila kipande kina namba ndani ya duara, na namba hiyo inakupeleka kwenye orodha ya vipande. Swali unalolijibu ni moja tu: kipi kinamfuata kipi?

Sasa hilo jina. Kwa Kiingereza huitwa "exploded view", na mtu fulani zamani alikaa na kamusi, akaona "explode", akaandika "mlipuko". Wajerumani nao wamebaki na mlipuko, kwa hiyo hatuko peke yetu. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa kwenye baruti. Kilatini "explodere" ni "ex", nje, na "plaudere", kupiga makofi. Mwigizaji akiboronga jukwaani, watu walimpigia makofi ya kumfukuza mpaka atoke. Waingereza walipolichukua, kwa muda mrefu lilikuwa na maana ya kukataa jambo kwa dharau. Maana ya kupasuka kwa kishindo ilikuja baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo hata huko kwao kuna kitu kinachotolewa mahali pake bila lazima ya moshi. Wahispania wana njia ya kujiepusha na kelele zote hizi. Wanaweza kusema "despiece", kutenganisha kipande kwa kipande, wakaendelea na kazi.

Na sisi tuna sababu zaidi ya kuliacha neno hilo kuliko Wajerumani. Mwambie fundi yeyote wa Dar es Salaam kwamba kazi fulani imelipuliwa uone uso wake. Kulipua kazi ni kuifanya harakaharaka, plasta juu ya vumbi, rangi juu ya kutu, ilimradi mteja alipe na aondoke. Sasa unamletea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "mchoro wa kulipua" unategemea aelewe nini? Nimewahi kuona mmoja akidhani ni mchoro wa haraka wa mkononi, usio na rula. Sikumlaumu. Kiswahili alikijua vizuri.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma hasa. Kiswahili kina vitenzi vinavyorudisha nyuma kilichofanywa: funga na fungua, panga na pangua, ziba na zibua. Ukisikia "pangua" unajua kulikuwa na mpango, na unaweza kupanga tena. "Lipua" halina mwenzake. (Usiniambie "lipa". Hakuna anayelipua deni, ingawa wapo wanaotamani.) Kilicholipuka hakirudi. Ilhali uzuri wote wa mchoro huu uko kwenye kurudi. Usipoweza kuusoma kinyumenyume hadi mashine ikafungika, umechorwa vibaya.

Na neno tunalo, wala halihitaji kamati. Msusi anafumua nywele. Mshonaji anafumua mshono. Fundi wa gereji anakuambia injini imefumuliwa, iko kwenye turubai pale, njoo Alhamisi. Hakuna anayeogopa kwamba haitafungwa tena, labda anaogopa Alhamisi. Mimi nasema mchoro wa kufumua. Ningependa kusema "mfumuko", lakini wachumi walishauchukua kwa ajili ya bei.

Nikirudi kwa kijana wangu: jina ningeweza kumsamehe. Kosa la pili ndilo linalokula chuma. Alidhani mchoro unaoonyesha kipande ni mchoro wa kutengenezea kipande. Hizo ni koo mbili tofauti.

Leonardo da Vinci alichora mashine ya kuinulia mizigo kwenye karatasi ambazo leo zinatunzwa Milan: kushoto imefungwa, kulia vipande vimefumuliwa kwenye mhimili wake. Ukiitazama unaelewa gurudumu lipi linashika lipi. Uizungushe ujuavyo, hutapata kipenyo. Karne tatu baadaye, William Farish, profesa wa Cambridge, alifundisha mashine kwa kuziunda darasani kutokana na magurudumu na mihimili ileile, kisha zikavunjwa ili vipande vitumike kwa somo jingine. Wasaidizi wake walihitaji picha ya kuwaonyesha kipi kinakaa wapi kabla profesa hajaingia. Kutokana na shida hiyo alieleza utaratibu wa uchoraji wa kiisometriki, ukachapishwa mwaka 1822. Angalia vizuri: vipande tayari vilikuwepo. Hakuna aliyeombwa kutengeneza gurudumu kutokana na picha ile.

Mchoro wa kipande ni mwingine. Huo huchukua kitu kimoja peke yake, ukakionyesha kutoka mbele, juu na ubavuni, kwa umbo lake la kweli, na vipimo vyote. Kwenye isometriki tundu la duara linageuka duaradufu, na katikati ya kipande na kipande kuna hewa ambayo mchoraji ameamua tu iwepo ili uone. Kijana wangu alikuwa tayari ameweka rula kwenye kioo cha simu. Nikamuuliza akikuza picha kwa vidole, shafti nayo inanenepa?

Kwa shafti ile nilihitaji kujua chuma gani, urefu wa kila ngazi, bega linaanzia wapi, mfereji wa kii (kile kichuma kinachofunga shafti na gurudumu lake) una upana na kina gani. Na pale beringi inapokaa nilihitaji zaidi. Kwenye mchoro wa kipande pangeandikwa, tuseme, 25 k6, maana yake kipenyo kisipungue milimita 25.002 wala kisizidi 25.015. Nafasi yote ya kukosea ni mikroni 13, yaani sehemu 13 za elfu za milimita. Unywele ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Namba 14 haisemi lolote kati ya hayo. Namba 14 ni jina la utani la ukurasa ule tu. Hata dukani ukiitaja hawatakuelewa, watataka pati namba, ambayo iko kwenye orodha upande wa pili, ule ambao hakuupiga picha.

Nikamwomba aniletee shafti yenyewe. Alirudi jioni nayo imefungwa kwenye gazeti, imekatika vipande viwili, na beringi bado imeng'ang'ania kwenye kimojawapo. Kiti cha beringi kilikuwa kimeliwa, kupimwa pale kungenidanganya, lakini beringi ilijitaja ubavuni: 6205. Zile tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizizidisha kwa tano unapata 25, ndizo milimita za tundu lake. Nikachukua karatasi, tukaichora pamoja kwa mbele na ubavuni, yeye akisoma venia, kile kipimo cha taya, mimi nikiandika. Juu nikaandika "Shafti", bila namba.

Alipotaka kuufuta ule ukurasa kwenye simu nilimkataza. Siku ya kuifunga pampu atauhitaji, maana sili na wosha ipi inatangulia mimi mwenyewe siikumbuki.