Bahati nasibu na tiketi za mtandaoni: yanayosemwa na yaliyopo

"Bahati nasibu imeletwa na intaneti."

Karne ya 15, miji ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo ilikuwa tayari inauza tiketi ili kupata fedha za kujenga kuta na kusaidia maskini. Uingereza ilichezesha ya kwanza ya kitaifa mwaka 1569, chini ya Malkia Elizabeth I, kwa ajili ya kukarabati bandari. Staatsloterij, bahati nasibu ya serikali ya Uholanzi, imekuwepo tangu 1726 na bado inachezeshwa. Hata British Museum ilianza kwa fedha za bahati nasibu iliyoidhinishwa na Bunge mwaka 1753.

Kumuuzia mtu tiketi akiwa mbali nako si kugeni. Bahati nasibu ya Louisiana, karne ya 19, ilipata wateja wake wengi nje ya jimbo hilo, tena kwa barua. Ndiyo maana Marekani ilipotaka kuibana mwaka 1890, sheria ililenga posta. Tiketi za serikali za majimbo zilirudi New Hampshire mwaka 1964. Liechtenstein ilianza kuuza kwenye intaneti mwaka 1995, ilhali Illinois, jimbo la kwanza la Marekani kuuza tiketi moja moja mtandaoni, ilisubiri hadi 2012, baada ya Wizara ya Sheria kueleza kwamba sheria ya mwaka 1961 ya kuzuia kamari kwa njia ya waya inahusu dau la mashindano ya michezo tu, si bahati nasibu.

"Jakpoti zinavimba kwa sababu wanunuzi wameongezeka."

Wameongezeka, ndiyo. Lakini waandaaji nao waliufanya ushindi kuwa mgumu zaidi, kwa makusudi. Oktoba 2015, Powerball, bahati nasibu ya Marekani, ilibadilisha idadi ya mipira: nafasi ya kupata jakpoti ikatoka 1 kati ya 175,223,510 hadi 1 kati ya 292,201,338. Jakpoti isiposhindwa husogezwa mbele, na Januari 2016 ikafika dola bilioni 1.586. Mwezi huohuo wa Oktoba, Uingereza nayo ilipandisha mipira kutoka 49 hadi 59, na nafasi ya 1 kati ya milioni 14 hivi ikawa 1 kati ya milioni 45.

Kiasi kinachotangazwa nacho kina ujanja wake. Jakpoti ya Powerball ya dola bilioni 2.04, ya Novemba 2022, ilikuwa jumla ya malipo ya miaka mingi. Anayetaka fedha zote kwa mkupuo alikuwa na milioni 997.6, kabla ya kodi.

"Namba zilizotoka juzi haziwezi kutoka leo."

Mipira haina kumbukumbu. Septemba 2009, Bulgaria ilitoa 4, 15, 23, 24, 35 na 42 katika droo mbili zilizofuatana.

"Asilimia 70 ya washindi hufilisika."

Takwimu hii hurudiwa kila mahali ikihusishwa na taasisi ya Marekani ya elimu ya fedha, NEFE. Mwaka 2018 taasisi hiyo ilitamka wazi kuwa haiungwi mkono na utafiti wake wowote. Wapo waliofilisika, na habari zao huuza magazeti.

"Nikishalipa mtandaoni, nina tiketi."

Inategemea umemlipa nani. Kuna tovuti za bahati nasibu zenyewe. Kuna mawakala wanaokununulia tiketi halisi dukani na kukutumia picha yake. Kuna pia kampuni zinazokuwekea dau tu juu ya matokeo ya droo ya nchi nyingine: hapo huna tiketi yoyote, na ukishinda unaidai kampuni hiyo. Australia ilipiga marufuku dau la namna hii kwa sheria ya mwaka 2018.

Kwa maoni yangu mawakala ndio wameleta kizungumkuti kikubwa zaidi. Aprili 2023, kundi moja lilinunua karibu michanganyiko yote milioni 25.8 ya Lotto Texas, tiketi moja dola 1, likitumia mashine za wauzaji wenye uhusiano na mawakala wa mtandaoni. Jakpoti ilitangazwa kuwa dola milioni 95, na kwa mkupuo ilikuwa milioni 57.8, kwa hiyo hesabu ililipa. Sheria za wakati huo hazikuwazuia. Mwaka 2025 Texas ikaivunja tume yake ya bahati nasibu, ikahamishia kazi hiyo idara nyingine, na kuwafungia mlango mawakala hao.